Ngozi, umri na jua la Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa muuguzi hapa Dodoma kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kliniki ya ngozi. Maswali haya huulizwa kila wiki: kliniki, kwenye vikoba, ndani ya daladala, hata msibani mtu anakuvuta pembeni akuoneshe shavu. Nimeyaandika jinsi watu wanavyoyauliza. Mengine yana jibu refu, mengine sentensi mbili zinatosha.

Kwa nini ngozi inazeeka?

Kwanza inua mkono wako utazame ngozi ya ndani, juu karibu na kwapa. Kisha tazama mgongo wa kiganja. Ngozi hizo mbili zina umri mmoja, ulizaliwa nazo siku moja, lakini kwa mtu wa miaka 55 moja inaweza kuonekana ya binti na nyingine ya bibi. Ile ya kwapani imezeeka kwa miaka peke yake. Ile ya kiganja imezeeka kwa miaka, jua, upepo, sabuni na moshi.

Miaka yenyewe inafanya kazi taratibu. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka nene lenye nyuzi za protini. Kolajeni ndiyo inayoipa ngozi uimara, na elastini ndiyo inayoirudisha mahali pake ukiivuta, kama mpira wa kiunoni unavyorudisha sketi. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Tezi za mafuta nazo hupunguza kasi. Ngozi ya juu, ambayo kijana huibadilisha kwa siku 28 hivi, mzee humchukua siku 40 na zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mchubuko wa bibi kuchelewa kupona kuliko wa mjukuu.

Sehemu hiyo ya miaka hakuna anayeweza kuizuia. Sehemu ya jua na ukavu ndiyo iliyo mikononi mwetu, na hapa kwetu ndiyo kubwa.

Nesi, si wanasema ngozi nyeusi haizeeki?

Inazeeka, ila kwa namna yake. Melanini, ile rangi yetu, ni kinga ya kweli. Vipimo vya maabara vimeonesha kwamba ngozi nyeusi sana huzuia miale inayounguza kwa kiasi cha losheni yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13 hivi, na ngozi ya Mzungu ni kama 3. Kwa hiyo makunyanzi kwetu huchelewa, mara nyingi kwa miaka kama kumi.

Kinachotangulia kwetu ni rangi kuvurugika. Mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, weusi kuzunguka macho, alama za chunusi zisizofutika, paji la uso kuwa jeusi kuliko shingo. Watu huja wakisema wamechafuka uso. Hawajachafuka, ni jua, na kwa akina mama huongezewa nguvu na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango.

Kuna pia vile vijinyama vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni, kama mtu kanyunyiziwa punje. Hivyo hurithiwa, na havina madhara. Usivikate kwa wembe wala kuvifunga uzi. Kovu litakalobaki ni baya kuliko kijinyama chenyewe.

Mbona nilipokuwa Dar sikuwa hivi? Jua si lile lile?

Jua ni lile lile, mahali ndipo tofauti. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana na inayoharibu ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kwa miezi mingi mawingu ni haba. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na nusu hivi linakupita utosini kabisa. Hiyo ya Oktoba inakuja wakati miti mingi bado haina majani.

Halafu kuna upepo. Dar ukikaa juani unatoka jasho, mwili wenyewe unakuambia ukimbilie kivulini. Hapa mwezi wa saba upepo ni wa baridi, mtu anakaa barazani saa nzima akidhani hali ni nzuri, kumbe miale inaendelea na kazi yake. Joto unalolihisi si kipimo cha miale.

Aina moja ya miale hiyo, UVA, hupita hata kwenye mawingu na kwenye kioo cha gari. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito yaliyoning'inia. Wa kulia ulikuwa wa mtu mdogo kuliko yeye. Hapa kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo nyie mnaopeleka mizigo Singida na Morogoro, shavu na mkono wa kulia ndivyo vya kufunika.

Losheni ya kuzuia jua ina kazi kweli, au ni mambo ya Wazungu?

Ina kazi. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa: wengine wapake losheni ya jua kila siku, wengine wapake wanapopenda. Baada ya miaka minne na nusu ngozi za waliopaka kila siku zilionesha dalili za kuzeeka pungufu kwa asilimia 24. Wengi wao walikuwa weupe, hilo niliseme wazi. Lakini mabaka yanayotusumbua sisi huamshwa na miale hiyo hiyo.

Tafuta yenye SPF 30 au zaidi, na maandishi yanayosema inazuia aina zote mbili, UVA na UVB. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza na SPF 50 karibu 98, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya namba kubwa. Mwenye mabaka atafute iliyotiwa rangi ya kahawia kama poda ya uso. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hutia mabaka ngozi nyeusi, na hiyo rangi, inayotokana na madini ya chuma, ndiyo inayouzuia.

Kiasi: chora mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Wanaopaka tone moja asubuhi kisha wakashinda sokoni Majengo hadi jioni wanapoteza hela zao.

Na mimi nisiye na hela hiyo?

Wewe ndiye ninayekuandikia zaidi, kwa sababu kinga bora kuliko losheni unayo nyumbani.

Kivuli ni cha kwanza. Ukisimama juani, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta mahali pa kujisitiri. Kwa saa zetu ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakulima wa Bahi na Chamwino wanaoingia shambani saa kumi na mbili, wakatoka kabla ya saa tano, wakarudi jua likiinama, wanailinda ngozi yao kuliko mfanyakazi wa ofisini anayetembea saa saba kwenda kula chakula cha mchana bila kitu kichwani.

Cha pili ni nguo. Inua khanga yako uitazame mbele ya taa. Kama mwanga unapenya sana, miale nayo inapenya. Kitenge kizito au shuka la Kigogo huzuia zaidi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, upana wa vidole vinne au zaidi, kwa sababu kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mama lishe na machinga wanaokaa mahali pamoja, mwavuli mkubwa ni mtaji kama lilivyo jiko. Bodaboda, vaa mikono mirefu na glavu. Nimeona viganja vya vijana wa miaka 30 vikiwa vya wazee.

Kuanzia Juni ninapauka hata nikipaka mafuta. Nakosea wapi?

Pengine unapaka mafuta kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, kazi yake ni kufungia yaliyomo. Ukisubiri hadi umekauka, umevaa, umekunywa chai, unafungia mlango wa ghala tupu.

Oga kwa muda mfupi, maji yawe vuguvugu, si ya moto. Najua asubuhi za Julai hapa zilivyo, lakini maji ya moto huyeyusha mafuta yako ya asili. Jifute kwa kugusagusa taulo, usijisugue, ubaki na unyevu. Paka mafuta ndani ya dakika tatu, ukiwa bado bafuni. Rudia mikono na miguu kabla ya kulala. Katika ushauri wote ninaoutoa, huu ndio ninaoletewa shukrani mara nyingi zaidi, na hauongezi hata shilingi kwenye matumizi.

Tazama na sabuni. Ngozi ina asidi kidogo, kipimo chake cha pH ni kama 5, na namba ikipanda asidi inapungua. Sabuni nyingi za kipande ziko 9 au 10, na ya mche ya kufulia ni kali zaidi. Visima vyetu vingi vina maji magumu yenye chumvi, sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, na mabaki yake yanabaki ngozini yakiikwaruza. Sabuni iende kwapani, sehemu za siri, miguuni na penye uchafu. Mikono na mapaja maji yanatosha siku nyingi. Dodoki gumu kila siku, hapana.

Mafuta gani ni mazuri?

Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, hayajapata mpinzani wa kuzuia maji yasitoke. Yanang'aa na yanashika vumbi, kwa hiyo yatumie usiku.

Mafuta ya alizeti tunayo mlangoni, Singida na Dodoma ndiko yanakokamuliwa. Yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake, na yanatumika hata kwa watoto wachanga njiti. Chukua yaliyochujwa vizuri, yasiyonuka ukale. Ajabu ni kwamba mafuta ya zeituni, ambayo watu huyanunua kwa bei kubwa, yameonekana kuudhoofisha ukuta huo huo. Ya nazi ni mazuri mwilini, ila mwenye chunusi asiyapake usoni. Ya ubuyu yanafaa pia, kwa anayeyapata halisi.

Glisirini usiipake tupu wakati wa kiangazi. Huvuta maji, na hewa ikiwa kavu huyavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Ichanganye na maji, kisha paka mafuta juu yake.

Magaga yanatibika?

Ndiyo. Loweka miguu dakika 15 kwenye maji vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, paka mafuta ya mgando au krimu yenye yurea, vaa soksi ulale nazo. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili. Usikate kwa wembe. Mwenye kisukari asijisugue mwenyewe kabisa, aje tumtazame, maana ufa mdogo usiouma ndio unaoanzisha kidonda kinachopoteza mguu.

Maji ya kunywa je? Na zabibu zetu, na mvinyo?

Maji kunywa kwa ajili ya figo na damu. Lita tatu kwa siku hazifuti kunyanzi wala hazitoi mpauko wa nje. Zabibu ni tunda zuri, na maembe, mapapai, mchicha na mlenda pia, kwa kuwa mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila vitamini C. Wanaosema mvinyo mwekundu unahifadhi ujana wa ngozi wanauza mvinyo. Katika vyote vinavyopita mdomoni, sigara ndiyo mbaya zaidi. Huibana mishipa midogo ya damu na kuvunja kolajeni, na hata mtaani unaweza kumtambua mvutaji kwa mistari iliyozunguka mdomo.

Mkorogo unadhuru kweli? Rafiki zangu wanautumia na wamependeza.

Dada yangu, hili nitalijibu kwa urefu, maana limeniliza.

Mkorogo si kitu kimoja. Mara nyingi una haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali, na mchanganyaji wa saluni hutia vyote bila kipimo. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi. Bado vinauzwa chini ya meza.

Steroidi kwanza hukupendezesha, ndiyo maana rafiki zako wanang'aa. Huondoa uvimbe, hubana mishipa, ngozi inakuwa laini na nyeupe. Wakati huo huo inasimamisha utengenezaji wa kolajeni. Ndani ya miezi unaanza kuona mishipa ya damu mashavuni, michirizi mipana mapajani na kwenye mikono, chunusi za ghafla, vinyweleo kidevuni. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mama aliyejichubua miaka kumi akifanyiwa upasuaji wa uzazi, mshono unaweza kukataa kushika na kidonda kikachelewa kufunga. Nimemfunga bandeji mama wa namna hiyo, kichanga chake kikilia pembeni, naye hawezi kuinama kukichukua.

Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huku ukipigwa na jua hugeuka. Mashavu yanaingia weusi wenye ubluu kama majivu ya mkaa, na weusi huo karibu haufutiki. Viungo vya vidole hubaki na sugu nyeusi wakati mkono mzima ni mweupe. Zebaki nayo hupenya ngozi ikaenda kwenye figo, na mtoto anayenyonya au kulala kifuani huipata. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vya zebaki ifikapo 2025.

Kumbuka pia melanini tuliyoisema juu, ile kinga yako. Mkorogo unaiondoa, kisha unatoka nje kwenye jua hili la Dodoma bila mwavuli wako wa kuzaliwa. Sijui kitu kingine kinachozeesha ngozi ya Mwafrika haraka hivyo.

Nimeshaanza. Niache leo?

Haidrokwinoni na zebaki, acha leo. Kama kuna steroidi, na mara nyingi ipo, usikate ghafla peke yako. Uso unaweza kuwaka, kuvimba na kutoka vipele, na wengi wakiona hivyo hurudia mkorogo. Njoo hospitali na kopo lako lenyewe. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo wa kukugombeza, omba mwingine.

Ndimu, manjano, dawa ya meno usoni?

Ndimu na jua huunguza, hutoa malengelenge na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno inakwaruza. Manjano haina ubaya mkubwa, haina pia maajabu.

Krimu za retinoli zinazosifiwa zinafanya kazi?

Hizi, za jamii ya vitamini A, ni kati ya chache zenye ushahidi wa kweli wa kupunguza makunyanzi. Aina yenye nguvu, tretinoini, huandikwa na daktari. Anza na kiasi cha punje ya njegere, usiku mbili kwa wiki, maana zinakausha, na hewa yetu tayari imekausha. Mjamzito au anayetafuta mimba asitumie.

Nimekoma hedhi na ngozi imebadilika ghafla. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi inaweza kupoteza kolajeni kwa takriban asilimia 30 katika miaka mitano ya mwanzo, kisha kasi hupungua. Ongeza mafuta, punguza sabuni, jifunike. Wengi mnadhani mmelogwa au mna presha. Hapana, mama.

Mama yangu ana miaka 78, anajikuna usiku kucha.

Mara nyingi ni ukavu tu wa uzeeni. Mpake mafuta ya mgando akiwa na unyevu, asubuhi na usiku, mwondolee sabuni kali na blanketi linalochoma ngozi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, apimwe sukari, figo na ini. Kama nyumba nzima inajikuna, hasa katikati ya vidole, huo ni upele, na mnatibiwa wote siku moja.

Mtoto wangu ana ualbino. Nifanye nini tofauti?

Kila kitu nilichosema juu kwake ni cha lazima, tangu akiwa mgongoni. Yeye hana ile kinga ya melanini, na saratani ya ngozi inaweza kumpata akiwa kijana. Mikono mirefu, kofia pana, losheni kila siku, akae mbele darasani lakini mbali na dirisha lenye jua. Losheni ya Kilisun hutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha ngozi cha KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino wa nchi hii. Uliza hospitali ya mkoa namna ya kuipata, na apimwe ngozi nzima kila miezi sita.

Dalili gani zisisubiri?

Kidonda kisichopona kwa mwezi. Doa linalobadilika umbo, rangi au kutoa damu. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja unaopanuka, au doa jeusi kwenye unyayo au kiganja. Sisi weusi saratani mbaya ya rangi ya ngozi hupenda kujificha huko, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley iligunduliwa kwake chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Na baka lililopauka lisilo na hisia ukiligusa, mwenye nalo apimwe ukoma. Dawa zake ni bure na zinaponya.

Nikianza leo, nitaona tofauti lini?

Mpauko, wiki moja hadi mbili. Magaga, wiki mbili hadi nne. Mabaka, miezi mitatu hadi sita, na siku chache za jua bila kofia zinaweza kuyarudisha. Makunyanzi kwa tretinoini, miezi sita na zaidi. Ngozi iliyochubuliwa, hesabu mwaka, wakati mwingine miwili, na viungo vya vidole huwa vya mwisho.